Nikipanga nyumba ya kaka yangu, Universal Credit italipa kodi?

Habari zenu washauri,

Naishi Leicester na watoto wangu wawili, wa kiume ana miaka 12 na wa kike 9. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, saa 20 kwa wiki, na Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hunisaidia kulipa kodi ya nyumba. Nina kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza. Mwenye nyumba wangu anauza nyumba yake na amenipa notisi ya kutoka ifikapo 30 Juni. Kwake nalipa pauni 925 kwa mwezi.

Kaka yangu, tumbo moja, ana nyumba ya vyumba vitatu hapahapa Leicester. Yeye na familia yake wanaishi Milton Keynes. Wapangaji wake waliokuwa wakilipa pauni 950 waliondoka Machi, na sasa amesema nihamie mimi kwa pauni 800.

Shida ni kwamba kila mtu anasema lake. Mwenzangu kazini anasema ukipanga kwa ndugu hupewi hata senti. Wifi yangu anasema tuandike pauni 1,200 kwa kuwa serikali ndiyo inayolipa. Kaka mwenyewe hataki mambo ya mikataba, anasema, "Wewe ni damu yangu, hata usipolipa siwezi kukutoa nje." Anataka pia kodi nisiiweke kwenye akaunti yake, niitume moja kwa moja Tanga kwa fundi anayejenga nyumba ya wazazi. Na chumba cha nyuma abaki nacho: vitu vyake vimo humo, na akija Leicester kikazi atalala. Tena, aliponunua nyumba hiyo mwaka 2016 nilimpa pauni 3,000. Hatukuandikiana chochote.

Halafu kuna mama. Ana miaka 72, ni raia wa Uingereza, anapata Pension Credit, posho ya wazee wenye kipato kidogo. Anaishi kwa kaka Milton Keynes na kila mwezi humpa pauni 300. Je, naye anaweza kudai msaada wa hiyo kodi? Na akija kuishi kwangu, posho yangu itapungua?

Dada mpangaji, Leicester

JIBU

Dada yetu, pole kwa notisi. Mwenzako wa kazini amekosea. Sheria ya Uingereza haikatazi kumlipia mtu kodi kwa sababu tu mwenye nyumba ni kaka yake. Inakataza mambo mawili: kupanga kwa ndugu wa karibu ambaye naye anaishi ndani ya nyumba hiyohiyo, na kudai kodi ambayo si kodi ya kweli. Katika mpango wenu, yote mawili yanaweza kuwaangusha msipoyarekebisha kabla hujahama.

Ndugu wa karibu kwa sheria hii ni mzazi, mtoto, kaka au dada, wazazi na watoto wa kambo, wakwe na wakaza wana, pamoja na wenzi wa hao wote. Mjomba, shangazi, babu, bibi na binamu hawamo. Mtoto wa mama mdogo hayumo pia, hata kama mmelelewa nyumba moja. Kaka yako yumo. Kwa hiyo swali la kwanza la ofisi ni kama anaishi kwenye nyumba utakayoipanga, na jibu lenu linapaswa kuwa hapana isiyo na shaka.

Ndiyo maana chumba cha nyuma kinatutia wasiwasi kuliko jambo lingine lolote katika barua yako. Ndugu kuja kulala usiku mmoja kama mgeni si kosa. Lakini mtu mwenye chumba chake, ufunguo wake, nguo zake kabatini, na pengine barua zake za benki bado zikifika hapo, anaanza kuonekana kama mkazi. Ofisa akikagua anuani akakuta jina la kaka kwenye orodha ya wapiga kura au kwenye bima ya gari, ataandika kwamba mwenye nyumba anaishi humo, na posho ya kodi itakatwa yote. Pia kuna hesabu rahisi ya kibiashara: wageni walilipa 950 kwa vyumba vitatu. Wewe ukilipa 800 kwa viwili, na mwenye nyumba anakitumia cha tatu, umepanga nini hasa? Tena watoto wako hawahesabiwi kulala chumba kimoja, kwa kuwa mmoja ana zaidi ya miaka 10 na ni wa jinsia tofauti na mwenzake. Unahitaji vyumba vitatu kwa kanuni na kwa maisha. Kaka aondoe vitu vyake, abadilishe anuani yake kila mahali, na nyumba nzima iwe yako. Akija, alale sebuleni kama mgeni mwingine yeyote.

Tuje kwenye kodi ya kweli. Kanuni za Universal Credit za mwaka 2013, na zile za Housing Benefit, posho ya kodi ya nyumba, za 2006 kabla yake, zinataka upangaji uwe wa msingi wa kibiashara. Hakuna kipimo kimoja cha jambo hilo. Ofisa hutazama picha nzima: kuna makubaliano gani, kiasi kinalingana na soko kwa kadiri gani, pesa inalipwa kweli, masharti yanaweza kutekelezwa kisheria, na mwenye nyumba angefanya nini mpangaji asipolipa. Undugu peke yake hautoshi kukunyima. Kodi nafuu peke yake haitoshi pia. Pauni 800 badala ya 950 inaelezeka: kaka hatalipa wakala, nyumba imekuwa tupu tangu Machi, na anamjua mpangaji wake. Aandike sababu hizo kwenye barua fupi, aambatishe mkataba wa wapangaji waliotangulia. Huo ni ushahidi wenye nguvu, kwa sababu unaonyesha kuwa nyumba ilikuwa ya biashara kabla hujafika. Kesi yako ina nguvu nyingine pia: wewe tayari ni mpangaji, unalipa kodi kwa mtu baki na unahama kwa sababu ya notisi. Wanaopata tabu zaidi ni wale waliokaa kwa ndugu bure miaka mingi, kisha "kodi" ikazuka mwezi uleule walipoomba posho.

Ushauri wa wifi yako uacheni kabisa. Kwanza hauleti faida. Anayepanga kwa mtu binafsi halipiwi kodi yoyote anayoandika. Hulipwa kwa kikomo kinachoitwa Local Housing Allowance, kinachopangwa kwa eneo na kwa idadi ya vyumba ambavyo familia inahitaji. Unapata kiasi kilicho kidogo kati ya kodi yako na kikomo hicho. Kikomo cha vyumba vitatu kwa mtaa huo unaweza kukitafuta kwa postikodi kwenye tovuti ya serikali. Kikionyeshwa kwa wiki, zidisha kwa 52 ugawe kwa 12: pauni 150 kwa wiki ni pauni 650 kwa mwezi. Fanya hesabu hiyo kabla hujakubali 800, maana pengo lolote utalijaza mwenyewe kutoka kwenye mshahara. Pili, kuandika 1,200 kwenye nyumba iliyokuwa ikipangishwa 950 ndiyo njia ya haraka ya kuambiwa kwamba mmetengeneza kodi ili kuchukua posho, na hapo sheria inaruhusu kukunyima yote. Kusema uongo kwenye maombi ni jinai, na pesa iliyolipwa isivyo halali hudaiwa irudi.

Sasa maneno ya kaka, "hata usipolipa siwezi kukutoa nje." Tunaelewa upendo uliomo, na hatutawafundisha maneno ya kumficha ofisa. Kaeni mzungumze kwa ukweli. Je, anaitegemea kodi hii kulipia mkopo wa nyumba? Usipolipa miezi mitatu, atamudu? Kama jibu lake la kweli ni kwamba hahitaji hiyo pesa na hataidai, basi hakuna kodi, na usiombe msaada wa kodi. Kaa bure, na uondoe gharama ya nyumba kwenye Universal Credit. Kama anaihitaji, na wenye mikopo ya nyumba wengi huihitaji, basi aikubali hali hiyo waziwazi: ukichelewa atakuandikia, mtapanga namna ya kulipa deni, na ikishindikana kabisa atatoa notisi. Wenye nyumba baki nao huwavumilia wapangaji wazuri, kwa hiyo uvumilivu haumponzi. Kinachomponza ni kutokuwa na nia kabisa ya kudai.

Pesa ya Tanga: lipa kodi kwa kaka, kwenye akaunti ya benki yenye jina lake, tarehe ileile kila mwezi, kwa agizo la kudumu, na kwenye maelezo ya malipo uandike neno kodi na anuani. Siku ya pili yeye aitume kwa fundi akitaka, hiyo ni pesa yake. Ukiituma wewe moja kwa moja Tanga, taarifa ya benki yako itaonyesha mwanamke anayetuma fedha kwa fundi Afrika na hakuna mahali penye kodi. Hata mwamuzi mwenye huruma hawezi kuiona kodi pale. Vivyo hivyo msikate kodi kwa zamu ya mchezo, kwa karo ya watoto wala kwa wewe kumlelea watoto wake. Fedha taslimu ziepuke. Ikibidi siku moja, apewe na atoe risiti yenye tarehe na saini.

Zile pauni 3,000 za 2016 zinahitaji uamuzi kabla ya mkataba. Kama ulikuwa mchango wa kidugu, kama tunavyochangiana harusi na misiba, basi ni zawadi na imekwisha. Andikeni hivyo, ninyi wawili mtie saini. Kama ulikuwa mkopo, atakurudishia kwa njia yake, lakini asikupunguzie kodi kwa ajili hiyo, maana kodi itakuwa malipo ya deni. Kiasi hicho kiko chini ya pauni 6,000, ambapo akiba huanza kupunguza Universal Credit, ila hesabu pamoja na akiba nyingine uliyo nayo. Lakini kama mlikubaliana kwamba una sehemu katika nyumba ile, simama hapo. Mtu mwenye sehemu ya nyumba si mpangaji wa kawaida, na kudai kodi kama mpangaji bila kulisema hilo kutakuletea matatizo makubwa. Hapo pata wakili kwanza. Kwa vyovyote vile, kaka akuonyeshe nakala ya hati kutoka Land Registry, daftari la serikali la umiliki wa nyumba na ardhi. Jina la wifi likiwemo, naye ni mwenye nyumba, na wote wawili watie saini mkataba.

Mkataba wenyewe hauhitaji kuwa mrefu. Uwe na majina kamili ya pande zote, anuani ya nyumba na anuani ya kaka ya Milton Keynes, tarehe ya kuanza, kodi ya pauni 800 na siku ya kuilipa, nani anafanya matengenezo, na notisi inatolewaje. Umeme, gesi na maji viwe nje ya kodi, kwa jina lako. Vikichanganywa ndani ya 800 ofisa ana haki ya kuuliza kodi halisi ni kiasi gani, kwa kuwa posho ya nyumba hailipi umeme. Kwa upangaji wa England unaoanza 1 Mei 2026 na kuendelea, sheria mpya inataka mwenye nyumba atoe masharti kwa maandishi kabla ya kukubaliana. Hakuna tena mkataba wa miezi sita au mwaka, upangaji unaendelea mwezi hadi mwezi, na kaka hawezi kukutoa bila sababu inayotajwa na sheria. Kodi inaweza kupandishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa notisi rasmi ya miezi miwili. Kaka ayasome haya. Anakupa haki kamili za mpangaji, na hilo lenyewe ni dalili ya upangaji wa kweli.

Kisha kaka atimize wajibu wa mwenye nyumba kama vile angempangishia mtu baki. Kabla hujaingia akague na kuhifadhi nakala ya kibali chako cha kuishi, kwa kuwa England mwenye nyumba anawajibika kuhakiki haki ya mpangaji kupanga, na undugu haumwondolei wajibu huo. Cheti cha usalama wa gesi kiwe cha ndani ya miezi 12, ripoti ya umeme isizidi miaka mitano, na cheti cha matumizi ya nishati kiwe angalau daraja la E. Akichukua dipoziti, isizidi kodi ya wiki tano, na aiweke kwenye mfuko ulioidhinishwa ndani ya siku 30. Akiamua kutochukua dipoziti, ni sawa. Mitaa mingine inadai leseni ya kupangisha. Zipo nyumba zinazosamehewa leseni hiyo kwa sababu mpangaji ni ndugu wa mmiliki, lakini apate jibu la kaunsili kwa maandishi. Pauni 9,600 kwa mwaka ni mapato, azitangaze kwa mamlaka ya kodi ya mapato. Ofisi ikija kulinganisha siku moja, wewe umedai kodi na yeye hajaitangaza, mtaulizwa wote wawili.

Siku ya kuhama nayo ina uzito. Universal Credit huhesabiwa kwa kipindi cha mwezi, na badiliko la makazi huhesabiwa kama limetokea siku ya kwanza ya kipindi ulichohamia. Tuseme kipindi chako huanza tarehe 12. Ukihama 10 Juni, kodi mpya itahesabiwa tangu 12 Mei, ingawa karibu mwezi wote huo ulimlipa mwenye nyumba wa zamani 925. Ukihama 13 Juni, itahesabiwa tangu 12 Juni. Kama kikomo cha eneo lako kiko chini ya 800 hutaona tofauti. Kama kiko juu, siku tatu hizo zinaweza kukupotezea pesa. Angalia tarehe yako kwenye taarifa ya malipo, na usilipie nyumba mbili kwa wakati mmoja ukitegemea ulipwe zote.

Ukishahama, ingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni siku hiyohiyo, chagua kuripoti badiliko, jaza sehemu ya makazi. Usisubiri miadi ya Jobcentre. Badiliko la kukuongezea pesa likiripotiwa baada ya kipindi kupita, kwa kawaida unapoteza kipindi hicho. Swali la undugu na mwenye nyumba likija, jibu ndiyo, ni kaka yangu, na haishi hapa. Kisha andika kwenye jarida lako, sehemu ya ujumbe ndani ya akaunti hiyo ya mtandaoni, aya moja: mwenye nyumba wa zamani anauza, kaka alikuwa akiipangisha nyumba hii kwa 950, nalipa 800 kila tarehe fulani kwa benki. Pakia mkataba, uthibitisho wa malipo ya kwanza, mkataba wa wapangaji wa zamani na notisi yako. Ofisi inaweza kumpigia kaka, kwa hiyo simu yake iwe sahihi na ajue tarehe na kiasi bila kubabaika. Usiombe kodi ipelekwe moja kwa moja kwake mwanzoni. England pesa huingia kwako kwanza, na wewe kuilipa kutoka akaunti yako ndiyo ushahidi utakaokulinda baadaye.

Mara nyingi watu husahau kwamba Universal Credit hailipi kodi ya kaunsili (council tax), yaani kodi ya serikali ya mtaa. Omba punguzo lake kaunsili, kwa fomu yao, na ukiwa mtu mzima pekee ndani ya nyumba udai pia asilimia 25.

Ukikataliwa, usianze upya wala kubadilisha maelezo. Una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe tena, kwa jarida, kwa simu au kwa barua. Waombe waseme ni kanuni gani wametumia: kwamba kaka anaishi hapo, kwamba si biashara, au kwamba mmetengeneza kodi? Hizi ni hoja tatu tofauti na kila moja ina ushahidi wake. Ya kwanza inajibiwa kwa bili na kodi ya kaunsili ya kaka huko Milton Keynes. Ya pili inajibiwa kwa taarifa za benki na mkataba wa zamani. Ya tatu inajibiwa kwa notisi iliyokutoa na kiasi ulichokuwa ukilipa kwa mtu baki. Wakishikilia msimamo watakupa barua rasmi, na kutoka tarehe ya barua hiyo una mwezi mwingine kukata rufaa kwenye baraza huru. Rufaa ni bure. Omba kusikilizwa ana kwa ana, na kaka aje. Mwamuzi akimsikia mwenyewe akieleza mkopo wake na malipo yako, inasaidia kuliko karatasi. Endelea kumlipa kaka unachoweza wakati wote wa kusubiri, na kaka aendelee kukukumbusha kwa maandishi kiasi kilichobaki. Mashirika ya ushauri ya Citizens Advice na Shelter hutoa msaada bila malipo.

Mama. Pauni 300 anazompa kaka haziwezi kulipiwa, kwa sababu kaka anaishi nyumba hiyohiyo. Kwa umri wake angeomba Housing Benefit ya kaunsili badala ya Universal Credit, lakini kizuizi ni kilekile. Akihamia kwako na kukulipa wewe, jibu halibadiliki, maana wewe ni mtoto wake na unaishi humo. Kama siku moja atapanga nyumba yake mwenyewe, hata ikiwa ya kaka, na kaka haishi humo, hapo anaweza kuomba, na wenye umri wa pensheni hulipwa hadi miezi mitatu nyuma.

Akija kuishi kwako, posho yako ya kodi haitapungua kwa ajili yake. Kwa watu wazima wengine wanaoishi nawe, posho yako hukatwa mchango kila mwezi, lakini kwa anayepata Pension Credit haikatwi. Utahesabiwa hata chumba cha ziada kwa ajili yake kwenye kikomo, ingawa huwezi kulipwa zaidi ya 800 unayodaiwa. Utakachopoteza ni lile punguzo la asilimia 25 la kodi ya kaunsili, kwa hiyo waeleze mara moja kwamba anapata Pension Credit ili wakokotoe upya punguzo lako lingine. Mama naye aripoti anuani mpya kwa ofisi ya pensheni, hasa kama analipwa nyongeza yoyote ya ulemavu, maana nyongeza moja hutegemea anaishi na nani.

Kwa wasomaji wenye viza iliyoandikwa kwamba huna haki ya fedha za umma: haya yote hayawahusu. Universal Credit na Housing Benefit ni fedha za umma, na kuziomba kunaweza kuharibu kibali chako. Muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kugusa fomu.

Dada, la kuanza nalo wiki hii ni mkopo wa nyumba wa kaka. Mikopo mingi ya nyumba za kupangisha ina sharti kwamba mpangaji asiwe ndugu wa karibu, na kampuni za bima huuliza swali hilohilo. Kaka aandikie benki yake na bima yake, aeleze kwamba mpangaji mpya ni dada yake kwa pauni 800, aombe ruhusa kwa maandishi. Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa na notisi yako inaisha 30 Juni. Msitie saini mkataba kabla ya jibu hilo. Benki ikikataa, bado utakuwa na muda wa kutafuta nyumba nyingine na kwenda kaunsili kuomba msaada kama mtu aliye hatarini kukosa makazi, msaada ambao England unaanza siku 56 kabla ya kukosa pa kukaa.